Paa Lililovuja Kiangazi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti gani? Mmekula nini leo? Paukwa!

Pakawa!

Jembe!

La kulimia!

Kapu!

La kuvunia!

Ngazi!

Mbona kimya? Jembe mnalijua, kapu mnalijua, ngazi imewashinda. Basi ndiyo maana nimewaita. Lakini kabla sijaanza, wanaume wote vueni viatu, mnipitishie huku mbele. Vyote. Na wewe uliyejibanza karibu na mlango, usijifanye hukusikia, vyako pia. Nitavitunza mimi, msiwe na wasiwasi. Hadithi hii haitaki mtu mwenye viatu miguuni.

Haya, tegeni sikio.

Hapo zamani, zamani hasa, palikuwa na kijiji kikiitwa Sitirini, na kijiji hicho kilishiba. Muhogo wao mnene kama paja. Viazi vyao vinapasua ardhi vyenyewe. Mtama wao, ndege walikula mpaka wakachoka wakarudi kulala. Wageni waliopita walisimama wakauliza, jamani, mashamba haya mnayatia nini? Watu wa Sitirini wakatazamana, wakasema, ah, bidii tu.

Bidii, wapi! Nitawaambia mimi siri ya shibe ile.

Sitirini kulikuwa na sheha, mkuu wa kijiji, jina lake Mzee Mcha. Mtu mwema, mpole, hana baya na mtu. Siku moja, miaka mingi nyuma, mwanamke mmoja alipigwa na mumewe mchana kweupe, akapiga ukelele uliofika kisimani. Wanaume wakamkimbilia sheha, wakamwuliza wafanye nini. Mzee Mcha akazikuna ndevu, akatafuta methali. Na mtu akitafuta methali kwa haraka huokota iliyo karibu. Akawaambia, wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Na mume na mke ni nani, kama si ndugu?

Ikawa ndiyo sheria. Kikisikika kilio cha mwanamke, mwanamume wa Sitirini hasemi kitu. Ananyoosha mkono nyuma ya mlango, anachukua jembe, anakwenda shamba. Kilio asubuhi, majembe asubuhi. Kilio mchana, majembe mchana. Kilio jioni, majembe jioni. Hata kiangazi, ardhi ngumu kama kigae, ungewaona wamejipanga wanalima vumbi. Sasa mmejua. Ukiona shamba limelimwa vizuri Sitirini, usiulize mbolea, uliza nani kalia.

Na wanawake, je? Wanawake walikula muhogo ule kama wengine. Ulikuwa mtamu, nisiseme uongo.

Basi katika kijiji hicho alikuwako fundi wa kuezeka, jina lake Vuai. Huyu ndiye mwenye hadithi. Msimpende upesi, maana naye alikuwa na jembe, na mpini wa jembe lake uling'aa kwa kushikwa.

Vuai alikuwa fundi kweli. Kuti akilipinda halipinduki. Fundo lake ukilivuta linazidi kukaza. Lakini lazima mjue na desturi yao, msije mkapotea njiani. Sitirini paa halikuwa la mtu mmoja. Kijana akioa, wanaume wote walikuja na makuti yao, kila mtu akafunga safu yake kwa fundo lake, na Vuai akamalizia kule juu. Na mwiko wao ulikuwa huu: fundo hufunguliwa na mkono uliolifunga. Kuta za mwenye nyumba, paa la kijiji kizima. Shikeni hilo, tutalirudia.

Vuai alikuwa na rafiki, Machano. Walitiwa jandoni siku moja, wakalala mkeka mmoja, wakaitana somo mpaka utu uzima. Ee, huyo Machano! Barazani ni asali. Akicheza bao anacheka akishinda, anacheka akishindwa. Mgeni akifika, wa kwanza kumpokea mzigo ni Machano. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini nani angefungua, na kila mtu yuko shamba?

Ndani mlikuwa na Mboza, mkewe. Mboza alikuwa fundi wa kusuka mikeka, na alikuwa na kicheko. Si kicheko cha kujificha kwenye kanga. Mboza akicheka, kuku wa nyumba ya tatu wanaacha kudonoa. Siku za mwanzo za ndoa ile, kijiji kilikisikia kicheko kila siku. Halafu siku moja moja. Halafu watu wakasahau lini walikisikia mara ya mwisho, kwa sababu walikuwa na kazi nyingi shambani.

Masika moja, Machano akaja kwa Vuai. Akamwambia, somo, paa langu linavuja, na wewe unajua, usipoziba ufa utajenga ukuta. Vuai aliipenda sana methali hiyo, maana ndiyo iliyomlisha. Akachukua ngazi yake, akapanda, akaona tundu la ukubwa wa ngumi. Akaliziba. Na kwa kuwa rafiki ni rafiki, akaongeza tabaka zima la makuti juu ya lile la zamani. Akamwuliza Machano, shemeji yuko wapi, mbona sijamwona? Akaambiwa shemeji ana homa, amelala.

Vuli ikaja, Machano akaja. Somo, linavuja. Vuai akapanda, akakuta tundu jingine, hatua moja kutoka lile la kwanza. Akaliziba, akaongeza tabaka la pili. Siku hiyo alimwona Mboza kwa mbali, mkono umefungwa kitambaa. Akaambiwa shemeji ameteleza kisimani. Vuai akatazama kisima, akatazama mkono, akashuka, akaenda zake.

Aliona. Msije mkasema hakuona. Aliona, akaziba.

Kikaja kiangazi. Miezi minne bila tone. Mbuzi wanalamba mitungi. Asubuhi moja kikasikika kilio upande wa nyumba ya Machano, na wanaume wa Sitirini, kama kawaida, wakachukua majembe wakaenda kulima vumbi. Vuai naye alikuwa amekwishalishika la kwake. Mara akamwona Machano huyo anakuja, shati safi, uso wa kucheka.

"Somo," akasema Machano, "paa linavuja."

Vuai akatazama mbingu. Nyeupe. Akamtazama rafiki yake.

"Linavuja nini?"

Machano akaacha kucheka. Akasema, "Wewe ni fundi au kadhi? Nenda kazibe."

Vuai akaliacha jembe, akachukua ngazi, akaenda. Nani kati yenu asingekwenda? Kimya. Nilijua.

Akapanda. Machano akabaki barazani, anakuna mguu, anamsubiri. Vuai akatambaa mpaka kwenye tundu, akainama kulitazama. Sasa sikilizeni ufundi. Tundu la panya lina vinyesi vyake. Tundu la mvua limeoza pembeni, na makuti yake yameinama kwenda ndani. Hili makuti yake yalikuwa mazima, makavu, na ncha zake zote zimetazama juu. Tundu hili halikutobolewa na kitu kilichotoka mbinguni. Limetobolewa kutoka chini. Limepenya matabaka matatu, kwa nguvu, na mtu aliyetaka lipenye.

Vuai akalala kifudifudi. Akaweka jicho.

Akamwona Mboza. Ameketi juu ya mkeka alioanza kuusuka, mikononi ameshika upembo, ule mti mrefu uliopinda ncha, wa kuangulia mapapai. Jicho moja limefumba kwa uvimbe. La pili linamtazama yeye moja kwa moja.

"Shemeji Vuai," akasema kwa sauti ndogo, "unaziba nini?"

Fundi wa miaka ishirini akazipapasa zile ncha za makuti kwa vidole.

"La kwanza nilitoboa ili nisikike," akasema Mboza. "Ukaziba. La pili nilitoboa nikijua ni wewe utakayekuja, nikasema, huyu atauliza. Ukaziba. Hili nimelitoboa nikuone uso tu. Nilitaka kumjua anayenizika."

"Mboza, mimi..."

"Amesema ukishaliziba hili, tutazungumza vizuri mimi na yeye, maana hapatavuja tena. Najua mazungumzo yake. Ukiziba, hutanisikia tena, shemeji. Si wewe wala mwingine. Haya, fundi, fanya kazi yako."

Mboza akaondoa jicho lake tunduni, akashika miyaa yake, akaendelea kusuka.

Vuai akaketi juu ya paa. Jua linamchoma utosini, hasikii. Ukikaa juu ya paa la Machano unaiona Sitirini yote, na siku ile aliiona. Aliyaona mashamba, pande zote. Aliwaona wanaume wote wa kijiji, mmoja mmoja, majembe yanapanda na kushuka, vumbi linapaa. Na wote, kila mmoja wao, wameipa nyumba hii mgongo. Katikati ya migongo hiyo akaona pengo moja tupu. Akajua ni pake. Akaona haya, haya ya kweli. Halafu haya ile ikageuka ikawa hasira, na hasira ikampa akili.

Akashuka. Akamwambia Machano kwamba tundu ameliona, lakini kuziba juu kwa juu hakutafaa. Paa limeoza lote. Litavuja leo, litavuja kesho, litavuja siku zote. Dawa ni kulifunua na kuezeka upya.

"Siku ngapi?" akauliza Machano.

Vuai akasema wanaume wote wakija, kazi ni ya leo leo, ila mafundo ni yao na mwiko anaujua, kwa hiyo aende mwenyewe kwa sheha akawaombe. Machano akafurahi. Akaenda mbio kwa Mzee Mcha, na kwa mdomo wake mwenyewe akasema, mbele ya mashahidi: nakuombeni mje mfunue nyumba yangu.

Mmemsikia? Kwa mdomo wake mwenyewe.

Wanaume wakaitwa kutoka mashambani. Wakaja ishirini na wawili, sheha wao akiwamo. Wakayaegemeza majembe ukutani, wakapanda kwa ngazi ya Vuai, mmoja nyuma ya mwingine. Machano akawakaribisha kwa maneno matamu, akamwambia mkewe kwa sauti ya barazani, mama, wapikie wageni wetu. Kisha akaenda zake kucheza bao.

Juu, Vuai akafungua tabaka lake la pili. Akafungua la kwanza. Alipofika kwenye paa la zamani, akawaambia wenzake, haya, kila mtu na fundo lake. Mzee Mcha akafungua lake. Haji mvuvi wa kaa akafungua lake. Wakafungua na kuimba, kama mtu anavyoimba akifanya kazi ya mwenziwe. Makuti yakaanguka chini rundo kwa rundo, jua likaingia kwenye nyumba ambayo haikuwa imeona jua tangu ilipojengwa. Wanaume wakaketi juu ya boriti, miguu inaning'inia, wanajifuta jasho. Chini yao Mboza anakoroga chungu na kutoa vumbi la makuti kwa mwiko. Kitambaa amejitanda hadi usoni. Hakuna aliyemtazama sana, si adabu.

Na Vuai, kimya kimya, akaivuta ngazi juu, akaikalia.

Adhuhuri, Machano akarudi. Alikuwa amefungwa mara tatu mfululizo kwenye bao, na ule mchezo wa kucheka akishindwa huwa ni wa barazani tu. Akaingia ndani. Akafunga mlango. Akatia komeo.

Jamani! Nyumba haina paa, wanaume ishirini na watatu wako juu kama kunguru, yeye anatia komeo. Mnacheka? Chekeni, lakini mazoea yana taabu. Kwake yeye mlango ukishafungwa, dunia imekwisha. Akatazama chungu, akaona kuti linaelea. Akauliza hiki ni chakula cha kumpa nani. Mboza akasema vumbi linatoka juu. Machano hakutazama juu. Akautwaa ule upembo uliokuwa ukutani, akampiga nao begani, na sauti ya mti juu ya mfupa ikapanda mpaka kwenye boriti.

Wanaume wakaganda. Kusikia walikuwa wamesikia miaka na miaka. Kuona, hii ndiyo mara ya kwanza.

Mzee Mcha, mkono wake ukanyooka wenyewe kutafuta jembe. Majembe yako chini, nje. Akanong'ona, "Jamani, twendeni tukalime." Wakageuka wote kutafuta ngazi. Hakuna. Wakatazama huku, hakuna. Wakatazama kule, wakamwona Vuai ameikalia, mikono amekunja.

Machano akauinua upembo mara ya pili.

"Machano," akaita Vuai.

Machano akatazama juu. Akaona mbingu. Akaona nyayo arubaini na sita. Akaona macho. Akashika neno lile la siku zote.

"Mnatazama nini? Haya ni mambo ya ndani."

"Ndani wapi?" akasema Vuai. "Mimi sioni ndani hapo. Naona kuta nne na jua. Kuta ni zako, Machano, paa lilikuwa letu, na umetuomba wewe mwenyewe tulifunue. Sasa huo ni uwanja. Na uwanjani kila mtu ana macho."

Mzee Mcha akamvuta Vuai nguo. Akamkumbusha sheria, ndugu wakigombana. Vuai akamgeukia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akampandishia sheha sauti.

"Wakigombana, Bwana Sheha. Kugombana ni watu wawili. Kupigana ni watu wawili. Yule pale hapigani, anapigwa. Methali uliyotupa ilikuwa ya watu wengine, na sisi tumeilimia miaka yote hii. Na mimi ni mbaya kuliko ninyi nyote. Ninyi mlikimbia. Mimi nilikuja na makuti nikamziba mdomo, mara mbili, nikashukuriwa."

Halafu akasimama juu ya ukuta, akaishika ngazi, akaiteremsha. Lakini hakuiteremsha nje, kwenye majembe. Aliiteremsha ndani.

"Njia ya kushuka ni hii," akasema. "Hakuna nyingine. Asiyetaka, akae juu huko mpaka masika."

Nani alishuka wa kwanza? Mtasema Vuai. Hapana, Vuai alikuwa ameishika ngazi. Alishuka Mzee Mcha. Mzee wa miaka sabini, kanzu imenasa kwenye fito ikachanika kutoka kiunoni hadi chini, hakugeuka kuitazama. Akafika chini, akasimama kati ya Machano na Mboza, akanyoosha mkono.

"Nipe huo mti."

Machano hakutoa. Mzee akabaki na mkono wake hewani. Akashuka wa pili, akasimama kando ya mzee. Akashuka wa tatu. Wakashuka wa nne na wa tano, chumba kikajaa harufu ya jasho na makuti. Hakuna aliyempiga Machano. Hata mmoja hakumgusa. Walisimama tu, na kila mmoja aliyefika alinyoosha mkono vilevile, mpaka pale mbele yake pakawa na mikono mitupu kila upande.

Machano akaona amezidiwa, akashika silaha ya mwisho. Akawageukia, mmoja mmoja.

"Mnanihukumu mimi? Haji, juzi kwako nani alilia? Sema mbele ya watu. Nani alilia?"

Haji alikuwa katikati ya ngazi. Akasimama pale pale. Uso ukamshuka, hakujua apande au ateremke. Wote wakamtazama, na wengi wao wakajitazama vidole vya miguu, kwa sababu swali lilikuwa na majina mengine.

"Kweli," akasema Vuai kutoka juu. "Kesho ngazi itakuwa kwa Haji. Keshokutwa iwe kwangu, mje mkague. Hakuna atakayerukwa. Lakini leo, Machano, iko kwako. Toa mti."

Akautoa. Mzee Mcha akaupokea, na badala ya kuuvunja, akageuka akampa mwenyewe. Upembo ule ulikuwa wa Mboza.

Sasa mnangoja nikwambieni kwamba Mboza alilia, akawashukuru. Ngojeni sana! Mboza aliuegemea ule mti, akawatazama wanaume wale wote waliojazana chumbani kwake, kwa jicho lake moja zima.

"Sikutoboa paa ili mnionee huruma," akasema. "Nilitoboa nitoke. Nipisheni."

Wakampisha. Akaukunja mkeka wake ambao haujaisha, akaubana kwapani, akaenda mlangoni. Komeo bado limetiwa. Vijana wawili wakataka kumfungulia, akawakatalia kwa kichwa. Akalifungua mwenyewe kwa mkono wake uliokuwa mzima, akatoka kwenye jua. Nje yalikuwapo majembe ishirini na mawili yameegemezwa ukutani. Aliyapita bila kuyagusa.

Je, Machano? Mnaona, daima kuna mtu ataniuliza Machano aliishia wapi. Masika ilikuja ikamkuta kwenye kuta nne, beseni kichwani. Alikwenda nyumba hadi nyumba kuomba mtu amfungie walau safu moja. Kila mmoja akamjibu, fundo langu ni langu. Wengine wanasema alitubu, wengine wanasema alihama. Mimi simjui, hadithi hii si yake.

Mboza alijenga karibu na kisima. Siku ya kuezeka walikuja wanaume wote na makuti yao, hata Haji, ambaye siku zile alikuwa akitembea kichwa chini, maana kwake pia ngazi ilifika. Vuai akamalizia kule juu. Alipobakiza kuti la mwisho, Mboza akamwita kutoka chini.

"Shemeji, hapo paache."

"Patavuja, Mboza."

"Pavuje."

Akapaacha. Tundu la ukubwa wa ngumi. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yakaingia, yakaanguka ndani ya chungu, ti, ti, ti. Mboza akaketi anayasikiliza. Halafu, bila mtu kumchekesha, akacheka. Na kuku wa nyumba ya tatu wakaacha kudonoa.

Mwaka ule Sitirini mavuno yalipungua. Muhogo ulikuwa wa wastani tu, kama wa watu wengine. Wageni waliopita wakauliza, jamani, bidii yenu imekwenda wapi? Mzee Mcha akawajibu kwamba methali imebadilishwa. Siku hizi Sitirini ukisikia kilio, weka jembe, beba ngazi. Na tangu siku ile mapaa ya kijiji hicho, yote, yana tundu moja. Mafundi wa vijiji vingine huyacheka. Watu wa Sitirini huweka chungu chini, wakalala.

Hadithi yangu nimeifunua, kuti la mwisho sikulifunga. Haya, itikieni sasa.

Jembe!

La kulimia!

Kapu!

La kuvunia!

Ngazi!

Ya kushukia ndani!

Ahaa. Leo mmejua.

Na wewe uliye karibu na mlango, unapapasa nini hapo chini? Viatu? Viatu vyako ninavyo mimi. Vyenu nyote ninavyo mimi, nimevikalia. Sisi sote tunakaa mtaa mmoja, na juzi mchana palikuwa na sauti. Kila mtu hapa ameisikia, na kila mtu hapa alikumbuka ana kazi mahali pengine.

Kaeni. Nani anaanza kusema?